Juu ya Fahari ya Motokaa ya Umeme

Mtu anunuapo kitu cha thamani kubwa hununua vitu viwili kwa mara moja: kitu chenyewe, na tumaini alilolifunga juu ya kitu hicho. Kitu hupimwa kwa ratili, kwa pima na kwa fedha. Tumaini halina mizani. Ndiyo maana ugomvi mwingi baina ya wanunuzi na mali zao si ugomvi wa ubovu. Saa husema majira sawasawa, nyumba haivuji, kitanda hakilii, na bado mwenyewe huona amepunjwa, kwa sababu alitarajia saa impe utulivu, nyumba impe heshima na kitanda kimpe usingizi. Kwa hiyo swali la mtu atarajie nini katika mali yake si swali la dukani tu. Ni swali la maadili, na katika zama hizi laulizwa kwa ukali mbele ya motokaa ya fahari ya safari ndefu, iendeshwayo kwa umeme.

Yamkini msomaji atasema kuwa jambo hili ni la matajiri wachache, na kwamba asiyekuwa na hata baiskeli hana haja ya kujisumbua nalo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina ufa. Fahari ya zamani haikudai kitu ila raha. Mwenye jahazi la anasa hakusema kuwa jahazi lake lasafisha bahari, wala mvaa hariri hakudai kuwa hariri yake yawasitiri walio uchi. Motokaa ya umeme ya bei kali imekuja na madai mawili pamoja: kwamba aipandaye atastarehe kama mfalme, na kwamba starehe yake ni wema kwa ulimwengu. Dai la kwanza lamhusu mwenye fedha. Dai la pili lamhusu kila avutaye pumzi.

Asili ya motokaa za namna hii ni safari. Katika karne ya 17 na ya 18 vijana wa nyumba bora za Uingereza walipelekwa Ufaransa na Italia kukamilisha malezi yao: kuyaona majengo ya Roma, kujifunza lugha na adabu za majumba ya wakubwa, na, kama baba zao walivyojua wakanyamaza, kufanya upuuzi mbali na nyumbani. Richard Lassels, kasisi aliyepata kuwaongoza vijana wa jamii hiyo, aliita mwendo huo Safari Kubwa katika kitabu chake juu ya Italia kilichochapishwa mwaka 1670, na jina likashika. Katika karne ya 20 Waitaliano waliliweka jina hilo juu ya motokaa, kama Lancia Aurelia ya mwaka 1951 ya milango miwili, zilizoundwa kuchukua watu wachache na mizigo yao kutoka mji hadi mji, kupita milima, kwa mwendo mkubwa na bila ya kuwachosha. Motokaa ya mashindano hujali saa ya kufika. Motokaa ya kazi hujali gharama ya kufika. Hii hujali hali ya mtu anapofika. Si neno dogo hilo, na yafaa likumbukwe, maana ndiyo ahadi yake ya kweli na ya zamani.

Wengi hudhani kuwa umeme ni mgeni katika motokaa. Sivyo. Mtu wa kwanza kuendesha motokaa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa alikuwa Camille Jenatzy, Mbelgiji, karibu na Paris, tarehe 29 Aprili 1899, na motokaa yake ilikwenda kwa betri. Mwaka uliofuata, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, kampuni ya Lohner ya Vienna ilionyesha motokaa yenye mota za umeme ndani ya magurudumu yake, kazi ya kijana aliyeitwa Ferdinand Porsche. Petroli ilishinda baadaye kwa kuwa ratili moja yake ilibeba nguvu nyingi kupita ratili nyingi za betri. Na kuanzia mwaka 1912, Cadillac ilipotia mota ndogo ya umeme ya kuwashia injini, hata ile adha ya kuzungusha chuma kwa mkono iliondoka. Umeme wenyewe ndio uliomsaidia mshindani wake kuushinda. Zaidi ya karne moja ilipita kabla kampuni yenye jina la Porsche haijarudi kwenye betri, ilipotoa Taycan mwaka 2019. Mwaka 2021 Audi, ndugu yake, ilitoa e-tron GT, nayo ikazibeba waziwazi katika jina lake zile herufi mbili za Safari Kubwa.

Mwenye kuipanda motokaa hiyo atapata nini? Atapata nguvu nyingi. Audi e-tron GT, baada ya kutengenezwa upya mwaka 2024, ina betri yenye kilowati-saa 97 za kutumika, na kwa kipimo cha Ulaya huweza kwenda hadi kilomita 609 kabla ya kutiwa umeme tena. Uzito wake wapita tani 2 na robo, uzito wa faru mweupe dume aliyekomaa, na juu ya hayo hutoka katika kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa muda usiotimia sekunde 4. Hapa tajiri hana budi kuionja hasara yake ya kwanza. Zamani nguvu ya kuruka namna hii iliwatenga wachache na wengi. Iligharimu injini kubwa, mafundi hodari na mafuta mengi. Mota ya umeme haijui heshima hiyo. Humpa nguvu yake yote mara moja yeyote aikanyagaye, na motokaa za umeme za bei ya kati siku hizi huziacha nyuma nyingi za zile zilizokuwa ndoto za vijana miaka 30 iliyopita. Fahari imevuliwa mojawapo ya nguo zake, na aliyeinunua ili apite wengine atakuta mwalimu wa shule yu sambamba naye kwenye taa za njiani.

Nguo iliyobaki ni kimya. Kimya cha motokaa hizi ni kizuri kweli, na mtu asidanganyike kwa maneno ya waonaji wivu wasemao kuwa ni kimya cha kaburi. Ndani yake wasafiri wanne huweza kuzungumza kwa sauti ya sebuleni katika mwendo ambao zamani ulitaka makelele. Tena ni raha ya ajabu kwa sababu jirani naye hupata sehemu. Makao ya fahari humfurahisha akaaye ndani. Karamu ya tajiri hunukia tu puani mwa mpita njia. Bali motokaa isiyonguruma humwachia usingizi wake mtu aliyelala kando ya barabara, ambaye hakuchanga hata senti.

Lakini kimya nacho kina mdai wake. Kipofu huvuka barabara kwa masikio. Kwa ajili yake na wengine, sheria ya Ulaya iliamuru kuwa aina mpya za motokaa za umeme kuanzia Julai 2019, na motokaa zote mpya za namna hiyo kuanzia Julai 2021, zitoe sauti ziendapo polepole, hadi kilomita 20 kwa saa, na zinaporudi nyuma. Sheria hiyo ni ndogo, lakini imebeba fundisho pana kuliko vitabu vingi: kwamba raha ya mtu, hata ile isiyoonekana kumdhuru yeyote, huweza kumkanyaga yule ambaye mwenye raha hakumfikiri. Ama zile sauti nyingine, za kuigiza mngurumo, ambazo waundaji huzitia kwa vipaza sauti ili mwenyewe asijione amepungukiwa, hizo ni jambo la kuchekesha. Mtu amelipa fedha nyingi kuondoa kelele, kisha hulipa tena kurudishiwa.

Safari ya kutoka Munich kwenda Bolzano hupita juu ya Brenner, njia ileile aliyoipita Goethe katika Septemba 1786 alipokuwa akienda Italia kwa gari la farasi. Munich iko mita 520 hivi juu ya bahari, Brenner 1,370, Bolzano karibu 260. Motokaa hiyo pamoja na watu na mizigo ikiwa na tani 2 na nusu, kule kupanda peke yake, mbali na upepo na msuguano wa tairi, kutakula karibu kilowati-saa 6. Motokaa ya petroli nayo hulipa kodi hiyo ya mlima. Lakini ishukapo upande wa pili, yote iliyolipa huisha katika joto la breki na injini, na upepo ukalichukua. Ile ya umeme mota zake hugeuka kuwa mitambo ya kuzalisha umeme, na sehemu kubwa ya kilowati-saa 7 na zaidi za mteremko ule huweza kurudi, ama betrini, ama katika mwendo wenyewe. Mtu apendaye mambo yaliyopangika ataona uzuri hapa usiokuwa wa ngozi ya viti wala wa rangi ya mwili. Ni uzuri wa kutotupa kitu. Kama motokaa hii ina adabu yake yenyewe, adabu hiyo iko katika mteremko.

Na kuna kusubiri. Zile kilomita 609 ni za kipimo. Baridi kali na mwendo mkubwa wa barabara za Ujerumani huzipunguza sana, na siku moja msafiri hana budi kusimama kwenye kituo cha umeme. Waundaji wasema kuwa, hali zote zikiwa njema, betri hutoka sehemu 10 katika mia hadi 80 kwa dakika 18. Hali zote si njema kila siku. Kituo huweza kuwa na foleni, au mtambo ukawa mgonjwa, na tajiri akakaa kando ya mwenye kigari kidogo wakitazama tarakimu moja zikipanda. Wako waliokasirishwa na jambo hili, wakaona kuwa wamelipia haki ya kutosubiri. Wamesahau kuwa wasafiri wa Safari Kubwa walisimama kila baada ya mwendo wa saa chache kubadili farasi, na kwamba ghalibu waliyoyakumbuka uzeeni yalitokea palepale waliposimama. Seneca wa Roma alipomwandikia rafiki yake Lucilius juu ya safari, alimwonya kuwa hazimponyi mtu kwa sababu mtu hujichukua mwenyewe kila aendako. Dakika 18 za kukaa na nafsi yake ni mtihani ambao tajiri mwingi hakuuagiza, na hauandikwi katika orodha ya vifaa vya ziada.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili alichoandika juu ya matumizi makubwa ya mali, hakuwalaumu watumiao sana. Aliwasifu, ila kwa sharti: matumizi yalingane na jambo, na ghalibu jambo liwe la watu wote, kama kuandaa merikebu ya vita ya mji au sadaka za umma. Hata kwa nyumba yake mwenyewe, alisema, mtu mkuu huitengeneza kwa kadiri ya mali yake, na hupendelea vitu vitakavyodumu, kwa kuwa hivyo ndivyo vizuri kupita vyote. Sharti hili la kudumu laibana sana motokaa ya umeme. Lancia ya mwaka 1951 ingali inakwenda leo mikononi mwa waipendao, na fundi mwenye subira huweza kuirudishia kila kiungo. Betri huahidiwa miaka 8 au kilomita 160,000. Mara nyingi huishi zaidi ya hapo. Lakini motokaa hizi huanguka bei upesi sokoni, kwa kuwa kila mwaka huja nyingine yenye betri bora na programu mpya, na ya mwaka juzi hutazamwa kama simu ya mwaka juzi. Fahari isiyoweza kurithiwa ni ya namna gani? Babu aliweza kumwachia mjukuu saa yake. Yamkini mjukuu wa siku zijazo ataachiwa tani 2 na robo za kitu ambacho hakuna anayejua tena kuzungumza nacho.

Haya yote, hata hivyo, ni madogo mbele ya lile dai la pili, la wema. Ni kweli kwamba motokaa ya umeme, ikihesabiwa tangu kuundwa hadi kufa kwake, kwa kawaida huchafua hewa kidogo kuliko ya petroli ya ukubwa wake, ijapokuwa huanza maisha na deni kubwa la kuundwa kwa betri. Na deni hilo hulipika upesi au polepole kwa kadiri umeme unavyotoka katika maji, upepo na jua, au katika makaa ya mawe. Abishaye hili hana hoja. Lakini “kidogo kuliko” si “hapana”, na motokaa ya tani 2 na robo iliyopimwa kwa nyingine kubwa kama yake itaonekana njema daima, kama vile mlafi aonekanavyo ana kiasi akiketishwa karibu na mlafi mwenzake.

Tena iko safari nyingine, kubwa kuliko ya Brenner, ambayo motokaa imeifanya kabla haijazaliwa. Betri za namna hii hutiwa kilo kadhaa za kobalti, na zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa katika ardhi ya Lualaba, kuzunguka mji wa Kolwezi. Watu wa Kolwezi husema Kiswahili. Mashimoni huitana, hupatana bei na huombolezana kwa lugha hii hii ambayo insha hii imeandikwa. Kutoka huko madini huchukuliwa kwa malori kupita Kasumbalesa na Zambia hadi bandari za Dar es Salaam na Durban, huvuka bahari hadi China, ambako sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia husafishwa, kisha huingia katika viwanda vya seli na hatimaye Ujerumani. Hapana kijana wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyekwenda mbali hivyo kukamilisha malezi yake.

Sehemu kubwa ya kobalti hiyo hutoka katika migodi ya makampuni yenye mitambo. Sehemu nyingine huchimbwa na watu kwa mikono, kwa sururu na tochi ya kichwani, katika mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 Amnesty International na shirika la Afrewatch walichapisha taarifa iliyoeleza kuwa walikuta huko watoto wa kufikia umri wa miaka 7, waliokuwa wakibeba na kuosha mawe kwa malipo ya dola 1 au 2 kwa siku. Katika Juni 2019 kuta za mgodi mmoja karibu na Kolwezi ziliporomoka juu ya wachimbaji walioingia bila ruhusa, na zaidi ya watu 30 wakafa. Waundaji husema kuwa hununua kwa wachimbaji wakubwa tu. Wengine husema kweli. Lakini jiwe likishapita katika maghala ya wachuuzi likachanganywa na mawe mengine, halina uso wala kabila.

Hapa mtetezi wa petroli asishangilie. Mafuta nayo yana mashimo yake na makaburi yake, wala si siri yaliyowapata watu wa delta ya Niger. Na hata kusafisha petroli hutumia kobalti. Hoja si kwamba umeme ni mbaya kuliko petroli. Hoja ni kwamba hapana mwenye kuuza usafi wa dhamiri, kwa sababu si bidhaa yake. Motokaa hii huweza kumpunguzia mtu deni. Haiwezi kumfanya mdai. Na ndilo kosa la wanunuzi wengi wema: wameshalipa sana, wakatarajia kushukuriwa.

Wako wasemao kuwa tajiri hushukuriwa kwa haki, kwa maana ndiye mtangulizi. Tesla ya Marekani ilitangaza mwaka 2006 kuwa itaanza na motokaa ya bei kali kwa wachache, ili faida yake iunde za bei nafuu kwa wengi. Na kweli, kati ya mwaka 2010 na 2024 bei ya betri kwa kila kilowati-saa ilishuka kwa karibu sehemu 9 katika 10. Hoja hii haipasi kudharauliwa. Lakini bei hiyo ilishushwa pia, na yamkini zaidi, na mabasi na vigari vidogo vya China kuliko viti vya ngozi vya Ulaya. Tena mtangulizi husifiwa akishafungua njia, si akiendelea kuikalia yote. Betri ya pikipiki ya umeme ya mwendesha bodaboda wa Nairobi au Kigali ina kilowati-saa 2 au 3 hivi, na kwa hizo mtu hulisha nyumba. Kwa hesabu ya nguvu peke yake, betri ya motokaa moja ya Safari Kubwa yatosha pikipiki 30 na zaidi; na motokaa hiyo, kama nyingi za aina yake, hulala barazani sehemu kubwa ya juma.

Je, asiinunue? Insha haiwezi kumwamulia mtu mzima namna ya kutumia mali yake ya halali. Atarajie kimya, nguvu, mwili usiochoka na mteremko usiopotea bure, naye atavipata. Asitarajie kupita wengine, maana hilo limekwisha, wala urithi, wala sifa. Na kwa kuwa ni mteja wa wakubwa, ambaye muuzaji humsimamia mlangoni na kumpa kahawa, ana uwezo mmoja ambao mwendesha bodaboda hana: kuuliza kwa sauti kobalti ilitoka shimo gani, na kukataa kutia sahihi mpaka ajibiwe.

Siku zijazo huenda swali hilo likawa jepesi zaidi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya betri imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa kila betri ya motokaa mpya ya umeme kuwa na pasipoti yake, kama wasafiri wengine. Humo itaandikwa nani ameiunda, wapi na lini, imetiwa madini gani, na hewa imechafuliwa kiasi gani katika kuiunda. Amri ya kuwataka wenye viwanda wachunguze mambo ya migodini, iliyokuwa ianze Agosti 2025, imesogezwa hadi Agosti 2027. Jina la mchimbaji halimo katika yaliyotakiwa kuandikwa.